Hekta Peke Yake Hazitoshi: Ukubwa wa Malisho, Umbali wa Maji na Mwendo wa Ng'ombe

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika taarifa zinazotolewa na halmashauri za wilaya kuhusu mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, takwimu moja hujirudia kuliko nyingine zote: idadi ya hekta zilizotengwa kwa ajili ya malisho. Kijiji kimoja hutangaza hekta 3,000, kingine hekta 8,000, na msomaji huachwa aamini kwamba kilichotenga nyingi zaidi ndicho kilichowatendea haki wafugaji wake. Takwimu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa malisho yasiyo na mipaka inayojulikana hayawezi kulindwa kisheria. Hata hivyo, ng'ombe hahesabu hekta. Anachokabiliana nacho kila siku ni umbali: kutoka zizini hadi kwenye majani, kutoka kwenye majani hadi kwenye maji, na kutoka kwenye maji kurudi zizini kabla ya giza.

Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 36 kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na walio wengi wanamilikiwa na wafugaji wa asili wanaotegemea malisho ya pamoja. Eneo lililotengwa linaposhindwa kuwatosheleza, ng'ombe hawabaki ndani yake kwa sababu tu limechorwa kwenye ramani. Hutoka, na wanapotoka huingia katika shamba la mtu au katika hifadhi. Kumbukumbu ya Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, ambako watu 38 waliuawa mwezi Desemba 2000 katika mapigano baina ya wakulima na wafugaji, inatosha kueleza kwa nini swali la malisho hutazamwa na vyombo vya Serikali kama swali la usalama wa raia pia.

Ili kuelewa namna ukubwa wa eneo unavyoathiri mwenendo wa mifugo, ni vyema kuanza na siku ya ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe hulisha kwa muda wa saa 7 hadi 10 kwa siku, na hutumia muda unaokaribia huo kucheua. Saa zinazosalia ni za kupumzika, kunywa na kutembea. Mgawanyo huu haubadiliki kirahisi, kwa sababu tumbo la mnyama anayecheua lina mwendo wake na haliwezi kuharakishwa. Kinachobadilika ni kutembea. Kila saa inayoongezwa kwenye njia huondolewa kwenye kula au kwenye kucheua, na mnyama hulipa kwa nyama au kwa maziwa.

Ng'ombe pia hawalishi kwa usawa. Wana kumbukumbu nzuri ya mahali, hurudi pale walipokula juzi kwa kuwa majani yanayochipua upya huwa laini, na huyaacha yaliyokomaa hata kama ni mengi. Hukwepa miteremko mikali. Zaidi ya yote, hawapendi kwenda mbali na maji. Yeyote aliyewahi kufika kwenye lambo linalotumiwa na vijiji kadhaa wakati wa kiangazi ameiona picha hiyo: duara la udongo mtupu uliosagwa kwa kwato, kisha vichaka vilivyotafunwa hadi kwenye matawi, kisha nyasi fupi, na kilomita kadhaa mbele yake nyasi ndefu zilizokauka bila kuguswa. Mtu akisimama kwenye lambo atasema mifugo imezidi. Akisimama ng'ambo ya pili atasema malisho ni mengi kupita kiasi. Wote wawili wanazungumzia eneo moja.

Hali hiyo ilipimwa kwa makini nchini Marekani na watafiti wa Idara ya Kilimo ya nchi hiyo karibu na mji wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1993. Walilinganisha vitalu vidogo vya hekta 24 na kitalu kikubwa cha hekta 207, vyote vikiwekewa idadi ileile ya ng'ombe kwa hekta. Katika baadhi ya vitalu vidogo ng'ombe walihamishwa kwa zamu kutoka kimoja hadi kingine, na katika vingine waliachwa mahali pamoja msimu mzima. Ng'ombe wa kitalu kikubwa walitembea wastani wa kilomita 6.1 kwa siku. Wale wa vitalu vidogo vya zamu walitembea kilomita 4.2, na wale walioachwa katika kitalu kidogo kimoja walitembea kilomita 3.2 tu. Katika kitalu kikubwa, kiasi cha majani kilicholiwa kilipungua kadiri umbali kutoka kwenye maji ulivyoongezeka, na kupita kilomita 3 majani yalibaki kwa wingi. Ng'ombe na ndama wa kitalu kikubwa waliongezeka uzito kwa kiwango kidogo kuliko wenzao.

Lililo muhimu zaidi katika matokeo hayo ni jambo ambalo halikuonekana. Baina ya vitalu vidogo vya zamu na vitalu vidogo visivyo na zamu, uzito wa mifugo haukutofautiana. Kwa maneno mengine, faida iliyokuwa ikisifiwa kuwa ya mfumo wa kuzungusha mifugo ilitokana kwa sehemu kubwa na jambo la kawaida kabisa: maji yalikuwa karibu. Katika vitalu vidogo, ng'ombe hakuweza kuwa mbali na maji kwa zaidi ya kilomita moja na nusu hivi, hata kama angetaka.

Ni rahisi kuyachukua matokeo haya na kuhitimisha kwamba maeneo makubwa ya malisho yamepitwa na wakati na kwamba dawa ni kuyakata vipandevipande. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka mno. Vitalu vya Wyoming vilikuwa na uzio, maji ya uhakika, na ng'ombe waliokesha humohumo ndani, wakila usiku walipotaka. Mfugaji wa Longido, Kiteto au Meatu hana hata moja kati ya hayo. Uzio wake ni mchungaji, mara nyingi kijana mwenye fimbo, anayejua ni lini kundi ligeuzwe na ni bonde lipi liachwe kwa ajili ya Septemba. Usiku mifugo hurudi zizini kwa kuhofia fisi, simba na wezi.

Kurudi huko zizini ndiko kunakoufanya umbali uwe mgumu zaidi hapa nchini kuliko ulivyokuwa Wyoming. Kundi likitoka saa moja asubuhi na kurejea saa moja jioni, limepata saa 12 tu za kutembea, kula, kunywa na kucheua kidogo mchana. Kundi linaloswagwa bila kula huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Iwapo malisho mazuri yapo kilomita 8 kutoka bomani, safari ya kwenda na kurudi huchukua saa 4 au zaidi, na maji yakiwa upande mwingine, siku imekwisha. Ndiyo maana wafugaji wa maeneo makavu hunywesha siku moja na kuruka siku moja, na wakati mwingine huruka siku mbili ukame unapokaza. Utaratibu huo una hesabu ndani yake: siku isiyo ya maji humwezesha mchungaji kwenda upande ambao lambo haliupakani nao, na hivyo kuyafikia majani ambayo vinginevyo yangebaki.

Gharama ya mwendo huo inakadirika. Kwa vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa lishe ya mifugo, ng'ombe wa kilo 250 anayetembea kilomita 10 za ziada hutumia nishati isiyopungua ile iliyomo katika lita moja ya maziwa. Kwa ng'ombe wa kisasa wa lita 20 hilo ni jambo dogo. Kwa ng'ombe wa asili anayetoa lita moja au mbili baada ya ndama kushiba, ni kikombe cha watoto wa kaya hiyo.

Umbo la eneo nalo linastahili kutazamwa, ingawa katika taarifa rasmi halitajwi karibu kamwe. Chukua mfano wa kijiji kilichotenga hekta 8,000, sawa na kilomita za mraba 80. Kama eneo hilo limekaa kwa mviringo na lambo lipo katikati, hakuna ng'ombe atakayekuwa zaidi ya kilomita 5 hivi kutoka kwenye maji, na eneo lote linafikika. Sasa hekta zilezile ziwe ukanda wenye upana wa kilomita 5 na urefu wa kilomita 16, na lambo liwe kwenye ncha moja, kama inavyotokea pale malisho yanapopewa mabaki ya ardhi baada ya mashamba na makazi kupangwa. Sehemu iliyo ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye lambo itakuwa takriban hekta 2,400, chini ya theluthi ya eneo. Kwenye hati kijiji kina hekta 8,000. Mwezi wa Oktoba kina 2,400, na mifugo yote iliyokadiriwa kutoshelezwa na 8,000 imebanana humo.

Hapa ndipo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Sheria hiyo inataka idadi ya mifugo ilingane na uwezo wa malisho. Uwezo huo ukikokotolewa kwa kugawa jumla ya hekta bila kutazama maji yapo wapi, jibu litakalopatikana litakuwa sahihi kwenye karatasi na potofu ardhini. Ofisa mifugo wa kata anayeongozana na timu ya upimaji analijua hilo, na ni busara akasikilizwa kabla vigingi havijapigwa, si baada.

Upande wa pili wa suala hili unaonekana nchini Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, ambayo nyanda zake zinafanana na za Longido na Simanjiro kwa mvua, nyasi na hata kwa jamii inayoishi humo. Chini ya sheria ya mwaka 1968 ardhi ya wafugaji iligawanywa kuwa ranchi za vikundi, na baadaye nyingi kati ya hizo zikagawanywa tena kwa wanachama mmoja mmoja. Watafiti waliotumia mifano ya kompyuta kukadiria athari za mgawanyo huo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, walikuta kwamba ranchi ya Eselenkei ikikatwa katika vipande vya kilomita moja ya mraba, ingeweza kubeba mifugo pungufu kwa takriban asilimia 25 kuliko ikiachwa nzima. Hakuna hekta iliyopotea katika hesabu hiyo. Kilichopotea ni uwezo wa kuhama.

Sababu yake inajulikana kwa kila mfugaji. Mvua ya nyanda kavu hainyeshi kwa usawa. Bonde moja hupata mvua ya kutosha na bonde la jirani hukosa, na mwaka unaofuata mambo hubadilika. Mwenye eneo pana, au mwenye haki ya kupita katika maeneo ya wenzake, huifuata mvua. Mwenye kipande cha hekta 100 huisubiri. Mwaka wa neema kipande chake hutoa nyasi kuliko ng'ombe wake wanavyoweza kula, na mwaka wa ukame hakitoi hata za mwezi mmoja. Kwa hiyo malisho madogo ni mema pale tu ambapo maji yapo, nyasi ni za uhakika na kuna pa kwenda mambo yakiharibika. Mahali penye mvua ya kubahatisha, ukubwa ndio bima.

Uzoefu wa wilayani Kiteto, mkoani Manyara, umeonesha kwamba ukubwa huo unaweza kupatikana bila kumnyang'anya mtu ardhi. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa makubaliano ya matumizi ya pamoja, njia ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inairuhusu, na jina OLENGAPA likatokana na majina ya vijiji hivyo. Eneo la pamoja linazidi hekta 20,000. Hakuna kijiji kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingekuwa na maji, chumvichumvi, njia za mifugo na malisho ya kiangazi kwa pamoja. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha mahitaji hayo. Kuunganisha kulirudisha kwenye karatasi kile ambacho ng'ombe walikuwa wakikifanya tangu zamani bila kujali mpaka wa kijiji ulipochorwa.

Si kwamba maeneo madogo hayana nafasi katika mfumo wa asili. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishika, na Wamasai huacha alalili karibu na boma kwa ajili ya ndama, wagonjwa na ng'ombe waliozaa karibuni. Maeneo haya huwa madogo kwa makusudi: wanaoyatumia ni wanyama wasioweza kwenda mbali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijenga juu ya desturi hiyo hiyo, na ngitili zilizofufuliwa zilifikia mamia ya maelfu ya hekta katika mkoa uliokuwa ukielekea kuwa jangwa. Hekima ya mpango huo wa zamani ni kwamba dogo na kubwa hufanya kazi pamoja. Ndama hubaki alalili, kundi kubwa huenda mbali, na nyasi za karibu hazimalizwi na wenye miguu yenye nguvu.

Kwa mwekezaji aliyepangishwa kitalu katika ranchi za Taifa, hali ni tofauti kidogo, kwani yeye anaweza kuweka uzio na kuchimba kisima. Kwake matokeo ya Wyoming yanatumika karibu yalivyo. Fedha ya kwanza ni vyema iende kwenye maji na mabirika ya kunyweshea yaliyosambazwa, kabla ya kununua waya wa kugawanya vitalu. Waya bila maji huongeza tu idadi ya mageti.

Kuhusu malambo ya vijijini, ambayo ujenzi wake hutangazwa kila mwaka wa bajeti, kuna tahadhari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Lambo jipya si neema kila mahali. Yapo maeneo ambayo nyasi zake zimesalimika hadi Septemba kwa sababu hayana maji ya kudumu, na wafugaji huyategemea kama akiba. Lambo likichimbwa katikati ya akiba hiyo, mifugo itakaa humo mwaka mzima, na kiangazi kitakapokuja hakutakuwa na pa kukimbilia. Lambo hilohilo likiwekwa kwenye ukingo wa eneo la masika, au likifungwa kwa makubaliano hadi mwezi fulani, huongeza malisho badala ya kuyamaliza. Wazee wa mila na kamati za malisho kwa kawaida wanajua tofauti hiyo, na mkandarasi hawezi kuijua.

Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi hujadiliwa na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuuhudhuria. Ramani huwekwa mbele ya mkutano, na kipimio chake huandikwa chini. Kwenye ramani ya kipimio cha 1:50,000, sentimita 10 ni kilomita 5. Mwananchi akiwa na rula anaweza kuweka sifuri kwenye lambo, akapima hadi ukingo wa mbali wa eneo la malisho, kisha akapima kutoka kwenye maboma, na kuuliza njia ya mifugo itapita wapi baina ya mashamba na itakuwa na upana gani. Majibu yakikosekana, mkutano una mamlaka ya kuirudisha rasimu kwa Halmashauri ya Kijiji ili ifanyiwe marekebisho kabla ya kupelekwa wilayani.